Kijiredio Kinachojizima

Bibi Tseng Jui-mei alikata roho saa moja kamili asubuhi, upepo wa mwezi wa tisa ukiwa umeshaanza kubamiza madirisha, na kabla mwanawe Cheng-hui hajafungua mdomo kulia, dada mtu alikuwa ameshamdaka mkono.

"Hapa halii mtu," Shu-chih akasema. "Hamgusi mtu. Hagombani mtu. Mpaka saa tisa alasiri."

Masaa manane. Katika mitaa ya Hsinchu hesabu hiyo hafundishwi mtu. Roho haitoki kwa pupa. Inauacha mwili taratibu, na kwa masaa manane jina la Amitofo, anayezipokea roho peponi, lazima litajwe kichwani pa marehemu bila kukatika, ili roho iwe na kitu cha kushika isije ikapotea njia. Machozi huichanganya. Kelele huichanganya. Ukimya, wanasema, ndio mbaya kuliko vyote.

Kitanda kilikuwa kimehamishiwa sebuleni tangu juzi. Shu-chih, mwanamke wa miaka hamsini na sita aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha kuvuta uradi cha mtaa na aliyeuguza na kuwasindikiza wafu wa watu wengi kuliko daktari yeyote, akamfunika mama yake kwa shuka la manjano lenye dua, akavuta kigoda mpaka kichwani, akaweka juu yake kijiredio cha uradi. Kidude chenyewe hakizidi kipande cha sabuni, cha rangi ya maziwa, kina ua la yungiyungi mbele. Akabonyeza. Na-mo A-mi-to-fo, sauti za watawa zikaanza, na kengele yao.

Yun-ju, mke wa Cheng-hui, alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji ambalo halikuwa na mlaji tena. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia kimyakimya. Alipokiona kile kidude, akaliweka bakuli chini.

"Wifi," akanong'ona, "kile cha zamani kiko wapi?"

"Cha zamani cha nini? Lile zigo lililokuwa linakula betri kila wiki? Nimelipeleka hekaluni." Shu-chih akawageukia wanawake watatu wa kikundi waliokuwa wanavua viatu kibarazani. "Leo mama anasindikizwa na cha nyumbani. Mnamwona huyu wifi yangu alivyo kimya? Chipu ya humu ndani katengeneza yeye. Betri mbili, mwezi mzima!"

Wanawake wakatikisa vichwa kwa heshima. Miaka kumi na sita Yun-ju alikuwa ameolewa katika nyumba ile, na miaka kumi na sita Shu-chih alikuwa akimwita "mpangaji", kwa kuwa anarudi kulala tu na asubuhi hayupo. Sifa ya kwanza aliyoisikia kwa masikio yake kutoka kinywani mwa wifi yake ndiyo hiyo, na Yun-ju angelipa mshahara wa mwaka airudishe.

Kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo pale sebuleni alilijua yeye peke yake. Kijiredio kile, kisipobonyezwa kitufe chochote kwa masaa matano, kinajizima. Kimewashwa saa moja. Saa sita mchana kitanyamaza.

*

Msije mkadhani alikuwa mhandisi wa ovyo. Kwa miezi tisa hakulala wala kula akijua anachokula, akiitafutia ile chipu namna ya kuishi kwa umeme kidogo. Kwanza aliipunguzia mapigo. Uradi si muziki wa dansi. Haina haja chipu ikimbie, ikitembea inatosha. Kisha akagundua kwamba kati ya uradi mmoja na mwingine watawa huvuta pumzi, na katika pumzi ile amplifaya ilikuwa imekaa macho inanyonya betri bure. Akaifundisha kulala kwenye pumzi na kuamka kabla ya neno.

Ofisini mitambo yote ikasema safi. Akaleta sampuli nyumbani, akaiweka jikoni karibu na mama mkwe. Bibi Jui-mei alikuwa anamenya vitunguu. Akasikiliza kidogo, kisu kikasimama.

"Hii kengele haijaisha."

"Haijaisha vipi, mama?"

"Imekatwa mkia. Kengele ikigongwa inakwenda, inakwenda, inakwenda, ndiyo inaisha. Hii yako inakwenda halafu mtu kaifunika na kikombe. Mna haraka gani huko kwenu?"

Yun-ju alirudi kupima upya na kukuta bibi amesema kweli: amplifaya ilikuwa inasinzia kabla sauti ya mwisho kabisa ya kengele haijafifia. Akairekebisha. Mama mkwe akasikiliza tena, akasema "sasa imeisha," akaendelea na vitunguu vyake. Lakini marekebisho yale yalikula siku nne za betri. Mteja alitaka mwezi mzima kwa betri mbili. Walikuwa wamebaki na siku ishirini na sita, na kampuni yenyewe, watu ishirini tu na mashine za kukodi, ilikuwa imening'inia kwenye oda hiyo.

"Kijizime chenyewe," akasema Bosi Ko, kijana aliyesoma ng'ambo, mwenye haraka ya kila kitu. "Wazee wanawasha wanasahau. Kikikaa masaa matano hakijaguswa, kinalala. Mwezi wako huo hapo."

Mkataba ulitiwa saini mwezi wa kwanza, mezani pana machungwa na bahasha nyekundu za heri. Bwana Hsieh, mwenye kiwanda cha vijiredio, alikuja na koti jipya. Akafika ukurasa wa saba, akaweka kidole.

"Masaa matano. Yanatosha?"

"Nani anasali zaidi ya masaa matano, Bwana Hsieh?" Bosi Ko akacheka. "Huyo atakuwa anatafuta ugomvi na magoti yake."

Meza nzima ikacheka. Walikuwa watu sita, na kila mmoja wao alikuwa na mama au nyanya nyumbani, na kila nyanya alikuwa na kijiredio, na hakuna hata mmoja asiyejua kijiredio kile kimenunuliwa kwa ajili ya siku gani. Lakini ni mwezi wa kwanza, kalamu iko mkononi, machungwa yako mezani. Kutaja kifo hapo ni sawasawa na kutema mate kwenye chakula cha wageni. Bwana Hsieh mwenyewe alikuwa anajua. Alimtazama Yun-ju.

"Mhandisi mwenyewe anasemaje?"

Yun-ju alifungua mdomo. Sentensi ilikuwa fupi: na mtu akifa?

"Yanatosha," akasema.

Alijiahidi ataandika barua baada ya sikukuu. Sikukuu zikaisha, ikaja chipu nyingine na hekaheka zake, na vijiredio vikaingia madukani.

*

Saa tatu asubuhi sebule ilikuwa imejaa. Watu kumi na wawili wamepanga mistari miwili wakivuta uradi, na nyuma kabisa, karibu na mlango, Mzee Chiu, mwanikaji wa tambi za mchele wa nyumba ya tatu, amesimama wima wakati wenzake wamekaa. Sauti za watu na za kijiredio zilikuwa zinagongana, wengine mbele wengine nyuma. Shu-chih akanyoosha mkono, akapunguza sauti ya kijiredio.

Yun-ju, aliyekuwa jikoni na macho yake yako sebuleni, nusura adondoshe sufuria. Amebonyeza! Basi hesabu inaanza upya: saa tatu, jumlisha masaa matano. Saa nane. Akashusha pumzi. Kisha pumzi ikarudi palepale ilipotoka, maana saa nane si saa tisa. Kitazimika ikiwa bado imebaki saa moja nzima.

Lilikuwa jambo dogo kabisa, ukilitazama. Kubonyeza kitufe. Mtoto wa chekechea anaweza. Ila simu zote zilikuwa kapuni zimezimwa, kijiredio kingine hakipo, na kigoda kilikuwa upande wa kichwa cha marehemu, ambako Shu-chih alikuwa amekaa na amepiga marufuku mguu wa mtu yeyote asiye na zamu. Kazi ya mkamwana ilikuwa jikoni, kuwapikia wavuta uradi chakula kisicho na nyama. Yun-ju akakata kabichi. Akatazama saa. Akakata kabichi nyingine ambayo hakuna aliyeihitaji.

Saa nne na nusu akashindwa. Akaingia na trei ya chai, akazunguka kitanda, akainama kwenye kigoda kana kwamba anaweka kikombe, akanyoosha kidole. Kofi la Shu-chih likatua juu ya mkono wake, pwa, na chai ikamwagika kwenye soksi zake.

"Mkono wako umepita juu ya uso wa mama!" Shu-chih akafoka kwa kunong'ona, na kufoka kwa kunong'ona kunauma zaidi. "Hata leo una haraka? Nenda huko jikoni."

Watu kumi na wawili walikuwa wanaangalia sakafu na wanaendelea kuvuta uradi. Yun-ju akatoka na trei, uso unawaka moto, na akiwa na umri wa miaka arobaini na tatu na shahada mbili, akasimama nyuma ya jokofu akalia.

Hapo ndipo Cheng-hui alipomkuta. Cheng-hui ni fundi wa viyoyozi, mtu mkubwa wa mwili na mpole hadi kukera.

"Pole. Dada naye kazidi."

"Si kofi, Cheng-hui." Akamweleza yote, haraka haraka, kwa sauti ya chini, masaa matano, saa nane, Bosi Ko, kila kitu. Mumewe akamsikiliza mdomo wazi.

"Kwa hiyo kinajizima tu?"

"Kinajizima tu."

"Na ukikibonyeza?"

"Kinaanza kuhesabu upya. Kikibonyezwa sasa hivi, kinafika saa tisa na zaidi."

"Mwambie dada."

"Mwambie wewe."

"Mimi? Leo?" Cheng-hui akakuna shingo. "Ataniua, mama awe na mwenzake."

Walitazamana, na Mungu anisamehe, nusura wacheke. Kisha akamshika bega. "Saa sita ni zamu yangu ya kukaa kichwani. Nitabonyeza mimi. Nitaongeza sauti kidogo, basi. Hakuna atakayejua. Tulia."

Yun-ju akatulia, au alijaribu. Saa sita alisimama kwenye upenyo wa mlango akamwona mumewe anapiga magoti penye kigoda. Mwili ule mkubwa ulikuwa umemkinga, mikono haikuonekana. Alikaa pale nusu saa. Alipotoka, macho mekundu, Yun-ju akamvuta shati.

"Umebonyeza?"

Cheng-hui akamtazama kama mtu aliyeamshwa.

"Nilimwangalia mama," akasema. "Amevaa zile hereni nilizomnunulia kwa mshahara wa kwanza. Sikujua bado anazo." Akaziba mdomo kwa kiganja ili asilie kwa sauti. "Nimesahau, Yun-ju. Nimesahau kila kitu."

Angemgombeza nani? Akamshika mkono akamkalisha kwenye gunia la mchele; kichwani pa mama Shu-chih alikuwa amesharudi kukaa.

*

Saa saba na nusu kundi la asubuhi lilitoka kwenda kupumzika, na kundi la mchana lilikuwa bado njiani. Sebuleni walibaki Shu-chih na Cheng-hui. Sauti ya Shu-chih ilikuwa imekauka tangu saa tano, midomo inacheza tu, Cheng-hui kaziba mdomo asilie, na kazi yote sasa ilikuwa ya kijiredio. Yun-ju aliwagawia watu tambi uani, akafuta mikono, akapiga moyo konde. Ataingia. Atasema. Lolote na liwe.

Alipopita kando ya ukuta wa ua, Mzee Chiu alikuwa anakula amesimama.

"Kaa basi, mzee. Miguu hiyo." Miguu yenyewe ilikuwa imevimba, viatu havijafungwa kamba.

"Nikikaa nalala, mwanangu."

"Si ulale? Umesimama tangu saa mbili."

Mzee akakoroga tambi zake. Alikuwa mtu wa miaka sabini na kitu, mikono mikavu, amefiwa na mke mwezi wa saba. Tangu hapo hakuna msiba mtaani asioingia, na akiingia hakai. Watu walisema ni uchamungu.

"Nikuambie kitu? Usimwambie Shu-chih." Akasogea. "Mke wangu alipoondoka nilikuwa peke yangu. Watoto wako Taipei. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nikawasha kijiredio, nikakaa, nikavuta uradi. Sauti ikaniishia. Nikasema aa, kijiredio kipo, kitaendelea. Nikaweka kichwa hapa pembeni ya kitanda, kidogo tu. Nikaamka kumi kasorobo. Kimya. Kimya kabisa, unasikia upepo na mbao za tambi zinagongana. Kijiredio kimezima."

"Nilikilalia," akasema Mzee Chiu. "Kiwiko changu hiki. Nililala kama nguruwe na kiwiko kikagonga kitufe. Sijui alikaa kimya kwa muda gani. Sijui. Labda dakika tano. Labda nilikizima mara tu nilipolala, akakaa masaa yote hayo hana wa kumwita. Mwanamke alikuwa anaogopa giza, mwanangu. Hata chooni nilikuwa namsindikiza. Ndiyo maana sasa sikai."

Sauti ya kijiredio ilikuwa inatoka dirishani, tulivu. Yun-ju alijua dakika alizobakiwa nazo. Alijua pia kwamba akimwacha mzee huyu na kiwiko chake akaenda kubonyeza kitufe kwa siri, mama mkwe atafika saa tisa salama na hakuna mtu duniani atakayejua. Aliona njia hiyo iko wazi kabisa. Miguu yake ilitaka kuifuata.

"Mzee," akasema. "Si kiwiko."

"Eh?"

"Kijiredio chako kina ua la yungiyungi mbele? Cha rangi ya maziwa?"

"Ndicho hicho hicho. Shu-chih alinipa."

"Kinajizima chenyewe. Baada ya masaa matano. Si kwamba kimeharibika, ndivyo kilivyofanywa, ili betri zidumu. Niliyekifanya ni mimi." Maneno yalikuwa yanatoka ovyo, akayaacha yatoke. "Nilijua watu watakitumia kwenye msiba. Niliulizwa kwenye mkutano kama masaa matano yanatosha, nikasema yanatosha, kwa kuwa niliogopa kutaja kifo mbele ya mteja. Mkeo aliondoka saa nne. Kilizima saa tisa. Wewe uliamka kumi kasorobo. Kimya kilikuwa dakika arobaini na tano, mzee. Si zaidi. Masaa matano yote kabla yake alikuwa anaitwa."

Mzee Chiu hakupiga kelele, na Yun-ju alitamani angepiga.

"Dakika arobaini na tano," akasema polepole, na midomo yake ikazirudia tena bila sauti. Akaweka bakuli juu ya ukuta. "Miezi miwili," akasema. "Ungeniambia, ningelala."

Na ndani, dirishani, sauti ikakatika.

*

Hakuna alama yoyote kijiredio kile kinapojizima. Watawa walimaliza uradi mmoja, kengele ikaenda mpaka mwisho wa mkia wake, na uradi uliofuata haukuja. Upepo tu. Shu-chih alikuwa ameinamisha kichwa, na ilimchukua muda kuelewa anachokisikia, kisha akaruka. Akafungua kinywa kuvuta uradi mwenyewe na kikatoka kitu kama kukwaruza. Akashika kijiredio, akakitikisa, akakipindua, kucha zinahangaika na kifuniko cha betri.

"Betri!" akalia kwa sauti isiyokuwepo. "Cheng-hui, betri!"

Aliyeanza ni Mzee Chiu. Aliingia na viatu vyake visivyofungwa, akasimama penye miguu ya marehemu, na kwa sauti nene mbaya iliyopasuka akaita, Na-mo A-mi-to-fo. Cheng-hui akaidaka. Mmoja mmoja waliokuwa uani wakaingia na tambi midomoni wakaidaka nao.

Yun-ju akapita katikati yao mpaka kwenye kigoda. Akakichukua kijiredio mikononi mwa wifi yake, akabonyeza kitufe mara moja. Kikaanza tena, safi, kengele na watawa. Shu-chih akamkodolea macho.

"Si betri, wifi," Yun-ju akasema, si kwa kunong'ona. "Betri zina nguvu za wiki tatu. Ni chipu. Inajizima kila baada ya masaa matano. Hiki na vingine vyote. Ndivyo nilivyoitengeneza, na nilijua."

Ilikuwa saa nane na dakika mbili. Hagombani mtu mpaka saa tisa. Amri ilikuwa ya Shu-chih mwenyewe. Sijawahi kusikia watu wakivuta uradi namna ile. Dakika hamsini na nane, sebule nzima ikitaja jina la huruma, na macho ya Shu-chih hayakumtoka Yun-ju hata mara moja. Alikuwa anachezesha midomo na kumtazama. Wengine walimtazama kwa pembe ya jicho. Mwanamke wa kundi la mchana aliyeingia amechelewa aliuliza kwa ishara kuna nini, na jirani yake akamnyooshea kidevu Yun-ju, basi, habari ikawa imefika. Yun-ju alikaa sakafuni katikati yao akavuta uradi na yeye. Alitaka kukimbia. Kila alipofika neno la mwisho alifikiri nyumba nyingine, kigoda kingine, mtu mwingine aliyelala pembeni ya kitanda na ataamshwa na ukimya.

Saa tisa kamili Shu-chih akanyoosha mkono, akakizima kijiredio mwenyewe. Sasa ruksa kulia. Hakuna aliyelia. Wote walikuwa wanamngoja yeye.

Alisimama, akaja mpaka mbele ya Yun-ju. Cheng-hui akajisogeza katikati. Dada yake akamsukuma kando kwa mkono mmoja.

"Vingapi?" akauliza. Sauti yenyewe ilikuwa pumzi tu, ilibidi watu wasogee kusikia.

"Elfu thelathini na moja."

"Mtaani hapa?"

"Sijui, wifi. Unajua wewe."

Na Shu-chih alijua. Sitini na viwili, alivinunua kwa bei ya nafuu na kuvigawa nyumba kwa nyumba akijisifia mkamwana wao. Alikuwa na majina yote kichwani, na sasa yalikuwa yanapita usoni mwake moja moja, wazee wa nani, wagonjwa wa nani. Akamgeukia Mzee Chiu. Mzee Chiu alikuwa ameketi, kwa mara ya kwanza siku ile, kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, na hakuwa anamtazama mtu.

Shu-chih akafuta uso kwa mkono wa shati. Alipomrudia Yun-ju hapakuwa na msamaha machoni mwake, wala Yun-ju hakuutafuta.

"Tumuoshe mama kwanza," akasema. "Kisha kabla jua halijazama tunaanza na nyumba ya kwa Lo, mzee wao hamalizi wiki. Halafu zote. Na kwenye kila mlango utasema wewe, kama ulivyosema hapa, kwa mdomo wako. Mimi sauti sina."

"Nitasema."

"Na Jumatatu utakwenda kuwaambia hao mabosi zako."

"Watanifukuza, wifi."

"Watakufukuza," Shu-chih akakubali, akaanza kumfungua mama yake vifungo vya shingoni. "Leta maji ya vuguvugu. Yasiwe ya moto, ngozi yake haipendi."

Yun-ju akakunja mikono ya shati, akaenda kuchota maji.